Mbegu za Malisho Makwale: Paketi, Pingili au Mashina?

Makwale ikifika mwezi wa nne, maji ndiyo yanayopanga. Kata hii imo katika tambarare ya Kyela, mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000 na mito inayoteremka kutoka milima ya Rungwe na Livingstone hufurika hadi mashambani. Maji hayo hayo yanayoustawisha mpunga wa Kyela ndiyo yanayoua mbegu nyingi za malisho wanazouziwa wafugaji wetu. Mbegu inaweza kuwa nzima, ina lebo, imelipiwa bei kubwa, na bado ikaoza ndani ya wiki mbili kwa sababu aliyeinunua alianza na bei badala ya kuanza na shamba lake.

Wanaotafuta mbegu hizi wanaongezeka, na sababu ziko wazi. Majaruba ya mpunga na mashamba ya kakao yamebana sehemu za kuchungia. Ng'ombe wengi sasa hufungwa kamba au hulishwa zizini, hasa chotara wa maziwa wanaoletwa kutoka Rungwe. Ng'ombe chotara mwenye kilo 400 anahitaji kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku. Majani mabichi ya mabingobingo yana maji karibu asilimia 80, kwa hiyo kilo hizo 12 ni mzigo wa kilo 60 za majani, kila siku ya Mungu. Migomba iliyokatwakatwa, mabua ya mpunga, pumba na mashudu ya mawese vinasaidia, lakini havilizibi pengo hilo lote, na kuanzia mwezi wa nane hadi wa kumi na moja pengo linazidi kupanuka.

Kabla ya kutoa hata shilingi, lipitie shamba lako wakati wa masika ukiwa na vijiti. Chomeka kijiti kila mahali maji yanaposimama zaidi ya siku tatu au nne baada ya mvua kukatika. Hapo utapata mashamba mawili ndani ya moja: sehemu iliyoinuka inayopitisha maji, na sehemu ya bondeni inayoyashikilia. Ushauri wote unaofuata unategemea vijiti hivyo.

Kwenye sehemu iliyoinuka, mabingobingo, ambayo wengine huyaita majani tembo, bado hayajapata mpinzani kwa wingi wa chakula katika joto na mvua ya Kyela. Nayo hayahitaji paketi. Hupandwa kwa pingili zenye macho matatu, zikilazwa mshazari, macho mawili ardhini na moja nje. Ukiacha mita moja kwa mita moja, ekari inachukua pingili kama 4,000. Hapa ndipo wengi wanapoogopa gharama, maana bei ya pingili moja ikizidishwa mara 4,000 inatisha. Tuseme muuzaji anataka shilingi 100 kwa pingili: ekari nzima ni shilingi 400,000 kabla ya usafiri na vibarua. (Bei zote za makala hii ni za kukokotolea tu, weka mahali pake bei utakayotajiwa wewe.)

Ipo njia nyingine inayofaa zaidi mfuko wa mkulima. Nunua pingili 200 kwa shilingi 20,000, uzipande kitaluni karibu na zizi ambako samadi haiko mbali, uzipalilie, uziache zikomae kwa miezi minne au mitano bila kuzikata kwa ajili ya ng'ombe. Shina moja likitoa machipukizi 10 tu, na kila chipukizi likakupa pingili mbili, utakuwa na pingili 4,000. Umelipia subira ya msimu mmoja, na umebaki na shilingi 380,000. Mtu mwenye ng'ombe mmoja au wawili asione haya kuanza na pingili 200. Mwenye ng'ombe sita wanaolia njaa zizini hawezi kungoja, na kwake yeye kununua pingili za robo tatu ya ekari mara moja kunaweza kuwa na maana, mradi aende mwenyewe kuliona shamba mama.

Kuliona shamba mama ni lazima, kwa sababu pingili haisafiri peke yake. Ugonjwa wa kudumaa kwa mabingobingo, ulioharibu mashamba mengi ya wafugaji wa Kenya na Uganda, huhamia shamba jipya pamoja na pingili. Kinachotazamwa ni machipukizi yaliyoota baada ya kukatwa, maana shina ambalo halijakatwa linaweza kuuficha ugonjwa. Ukiona majani mafupi, membamba, ya njano, yamejibana kama kifungu kisichotaka kurefuka, usichukue pingili hata kwenye shina la jirani linaloonekana zima. Hata ukipewa bure, waachie.

Kuna jambo linaloniuma katika biashara hii. Aina za mabingobingo zinazosifiwa siku hizi, kama Pakchong 1 kutoka Thailand inayojulikana kama Super Napier, ni chotara wa mabingobingo na uwele. Chotara huyo hatoi mbegu inayoota. Huzalishwa kwa pingili tu. Hata mabingobingo ya kawaida, mbegu yake ikiota, huzaa mimea isiyofanana na mama. Kwa hiyo anayekuuzia kipakiti cha "mbegu" za Super Napier, kwa simu au mnadani, anakuuzia kitu kingine kabisa, hata picha ya majani marefu kuliko mtu ikiwa nzuri namna gani. Fedha ya maziwa ya mwezi mzima inaweza kupotea hapo, na shambani yakaota magugu.

Nyasi ya Guatemala nayo hupandwa kwa pingili au mashina yaliyogawanywa. Wenzetu wa Rungwe wameizoea miaka mingi. Haina lishe kubwa kama mabingobingo yaliyokatwa yakiwa machanga, lakini hukaa kijani mvua zikikatika, nayo huuvumilia udongo wenye asidi. Mistari miwili mitatu ya Guatemala kwenye mpaka wa shamba ni akiba nzuri ya mwezi wa kumi, na kwa kawaida mashina yake hupatikana kwa kuomba kuliko kwa kununua.

Tukija kwenye paketi, jina linalotawala ni brakiaria. Historia yake inapaswa kutupa moyo: ni nyasi za Afrika. Mwaka 1984 na 1985 watafiti wa kituo cha CIAT cha Colombia walikusanya aina zake katika nchi kadhaa za ukanda wetu, zikiwemo Ethiopia, Kenya, Rwanda na Burundi, wakaenda kuzizalisha Amerika ya Kusini. Mahuluti kama Mulato II na Cayman yakatoka huko, na leo yanaturudia yakiwa kwenye paketi. Ni majani mazuri kweli: yana protini ya kutosha yakikatwa mapema, na ng'ombe huyapenda. Lakini Mulato II haipendi maji yanayosimama. Ukiimwaga bondeni Makwale mwezi wa kumi na mbili, masika itaondoka nayo. Cayman ndiyo iliyochaguliwa kwa uvumilivu wa maji. Ukiikuta dukani na shamba lako ni la chini, ongeza hela uichukue hiyo. Usikubali kuambiwa "brakiaria ni brakiaria tu."

Nyasi ya Rhodes, ambayo wafugaji wengi wa Tanzania huisikia kwanza kwa sababu ya biashara ya majani makavu, siishauri Makwale ila kwenye kichanga kilichoinuka. Faida yake kubwa ni kukaushwa na kufungwa marobota, na kwa mvua za Kyela majani yaliyolazwa juani yanaweza kunyeshewa mara tatu kabla hayajakauka. Lukerni, malkia wa malisho huko Arusha, hapa ni kutupa fedha: inataka udongo usio na asidi na usiotuama maji. Jambo la kukumbuka ni kwamba kinachostawi Uyole, mita 1,800 juu, au Tukuyu, si ushahidi kwamba kitastawi kwetu. Desmodi ya majani ya kijani ni ya huko juu kwenye ubaridi, na mbegu yake ni ghali. Mfugaji wa tambarare akitaka mikunde ya malisho atafute sentro, stilo au pueraria, zilizozoea joto na udongo mchovu.

Mabondeni panapotuama maji, chaguo ni chache, na zilizo bora hupandwa kwa mashina. Nyasi za para hustawi hata majini, huota kwa kipande cha shina kilichokanyagwa topeni, na hazigharimu chochote ukimpata mwenye nazo. Nazipendekeza kwa sharti moja kali: zisipandwe karibu na majaruba. Zikiingia kwenye mpunga hutambaa na kurudi palizi baada ya palizi, na ugomvi na jirani hautalipwa na maziwa ya ng'ombe yeyote.

Sasa hesabu ya paketi, ambayo kwa maoni yangu kila duka la pembejeo lingeibandika ukutani. Kilo ya mbegu za nyasi si kilo ya mbegu. Ndani yake kuna makapi, vijiti, mchanga, mbegu za magugu, maganda matupu, na mbegu zilizokwisha kufa. Unachonunua ni zile zitakazoota. Chukua mfano. Duka la kwanza linauza kilo kwa shilingi 40,000. Usafi wake ni asilimia 90 na uotaji asilimia 80. Zidisha 0.90 kwa 0.80: mbegu hai ni asilimia 72. Gawa 40,000 kwa 0.72, utaona kilo moja ya mbegu hai imekugharimu karibu shilingi 55,600. Duka la pili linauza kilo kwa shilingi 25,000, usafi asilimia 70, uotaji asilimia 40. Mbegu hai ni asilimia 28, na kilo moja hai inafika zaidi ya shilingi 89,000. Aliyeokoa 15,000 kaunta amepoteza zaidi ya 33,000 kwa kila kilo ya mbegu hai shambani, bado hajalipa kibarua wa kupalilia magugu yaliyokuja ndani ya paketi.

Usafi na uotaji huandikwa kwenye lebo ya mbegu iliyothibitishwa. Kama havijaandikwa, muulize muuzaji, na muulize pia tarehe ya kupimwa. Mazungumzo yenyewe ni mafupi: "Kaka, hii ilipimwa lini, na iliota asilimia ngapi?" Muuzaji anayejua kazi yake hatakasirika. Angalia pia kama mbegu zimepakwa dawa na rangi. Upakaji unasaidia dhidi ya wadudu na kuvu, ila nao una uzito wake, na sehemu ya kilo unayolipia ni huo upakaji. Kuku wasizifikie.

Upo upimaji wa nyumbani ambao hauhitaji maabara. Nunua kiasi kidogo kwanza, au omba kijiko kimoja. Zimwage mbegu juu ya karatasi nyeupe mlangoni penye mwanga, uzitenganishe kwa ncha ya kisu: huku mbegu, huku takataka. Za Rhodes ni nyepesi zenye manyoya, na maganda mengi huwa matupu. Ibane moja moja kati ya kucha mbili, utasikia kama kuna punje ndani au ganda linabonyea tu. Kisha hesabu mbegu 100, zigawe mafungu manne ya 25, uzipange juu ya kitambaa cha pamba kilicholowekwa na kukamuliwa, ukunje, uweke kwenye sahani kivulini na kukinyunyizia maji kila asubuhi. Rhodes huonyesha kwa siku 7 hadi 14. Brakiaria ipe hadi siku 21. Zikiota 65, uotaji wako ni asilimia 65, na kiasi cha kupanda utakipandisha kulingana na hapo. Kwa mbegu nzuri ya brakiaria, kilo mbili hadi tatu zinatosha ekari. Kwa Rhodes ni kilo nne hadi sita.

Zisipoota, usikimbilie kusema zimekufa. Mbegu mpya za nyasi nyingi hulala. Rhodes iliyovunwa karibuni inaweza kukaa miezi kadhaa bila kuota, na brakiaria inaweza kuzidi nusu mwaka. Ndiyo maana sifa ya "imevunwa juzi" haina uzito kwenye nyasi kama ilivyo kwenye mahindi. Mbegu za mikunde nazo hulala kwa sababu nyingine: ganda gumu lisilopenyeza maji. Za lusina, chemsha maji, yaepue, zimwagie, uziache humo hadi yapoe usiku kucha. Asubuhi zilizovimba zipandwe. Ambazo hazijavimba zirudie. Za kaliandra hutosha maji baridi kwa siku moja hadi mbili.

Nataka kuitetea mikunde kidogo zaidi, kwa sababu watu hutumia fedha zote kwenye nyasi kisha wakanunua protini kwa gunia mwaka mzima. Glirisidia hupandwa kwa fimbo ya mita moja na nusu iliyochomekwa kama nguzo ya uzio mwanzoni mwa mvua. Katika joto la Kyela huchipua bila kubembelezwa, hutoa kivuli kwa kakao, na majani yake huliwa na ng'ombe na mbuzi wakishaizoea. Wengi huyakataa mabichi. Yaanike kivulini siku moja yanyauke, harufu ipungue. Gharama yake ni panga na asubuhi moja. Lusina ni tamu zaidi kwa mifugo, lakini haipendi udongo wa asidi, na isizidi theluthi moja ya mlo kwa sababu ya sumu iliyo kwenye majani yake. Kunde na fiwi unaweza kujivunia mbegu mwenyewe mwaka baada ya mwaka bila kupoteza sifa. Kilo nane hadi kumi za fiwi kwa ekari, sehemu iliyoinuka tu.

Utunzaji ndio unaomaliza mbegu nzuri baada ya kufika nyumbani. Joto na unyevu ni adui wawili wanaofanya kazi pamoja: kila unyevu wa mbegu ukipungua kwa asilimia moja, au joto la ghala likipungua kwa nyuzi 5, maisha yake ghalani huongezeka karibu mara mbili. Kyela ina vyote viwili kwa wingi, hivyo mbegu ambayo ingekaa miaka miwili Njombe inaweza kukuharibikia hapa kabla ya msimu wa pili. Nunua ya msimu mmoja. Ikibaki, ikaushe, kisha ipime kwa chumvi: tia konzi ya chumvi iliyokaushwa kwenye chupa ya kioo kavu pamoja na mbegu, funika, tikisa, uache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mbegu bado ina unyevu mwingi. Ikiwa imekauka, itie kwenye mfuko wa PICS usiopitisha hewa au chombo kinachofunga kabisa, uiweke chumbani kwenye ubaridi, mbali na bati. Dari la jikoni linaloyafaa mahindi ni moto mno kwa mbegu ndogo za nyasi.

Kuhusu wapi pa kununua, sheria iko upande wa mnunuzi kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 iliiweka TOSCI, taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu yenye makao Morogoro, kuthibitisha mbegu zinazouzwa. Tafuta lebo yake kwenye paketi, na ukatae mbegu inayopimwa kwa mizani kutoka kwenye kiroba wazi kisicho na jina. Kituo cha TALIRI Uyole ndicho cha karibu cha utafiti wa mifugo kwa watu wa Mbeya. Kabla ya kulipa nauli ya kupanda huko, mpigie afisa mifugo wa kata aulize kama aina unayoitaka ipo na kama imewahi kujaribiwa tambarare. Upo pia utaratibu wa mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, ambapo wakulima huzalisha chini ya ukaguzi na kuziuza eneo lao. Kikundi cha Makwale kinachozalisha mbegu za fiwi, kunde au stilo kwa njia hiyo kingetuondolea safari nyingi.

  

Kalenda inabana. Mbegu za paketi zinunuliwe mwezi wa tisa au wa kumi, ili kitambaa cha kuoteshea kiwe kimetoa majibu na bado kuna muda wa kuzirudisha dukani. Shamba litifuliwe laini mwezi wa kumi na moja. Mbegu zipandwe mvua zikishatulia, kina cha sentimita moja hadi mbili kwa brakiaria, na Rhodes juu juu tu, zikichanganywa na mchanga mkavu ili mkono uzimwage sawa. Pingili za mabingobingo zingoje udongo ulowe kabisa. Na paketi tupu isichomwe moto jioni hiyo hiyo: ihifadhi pamoja na risiti na kijiko cha mbegu zilizobaki mpaka shamba liote, kwa sababu zisipoota, vitu hivyo vitatu ndivyo afisa wa TOSCI atakavyovitaka kwanza.